Mama Anafikia kwa Nani

Alhamisi ile basi liliingia kituoni saa tisa na dakika kumi alasiri, likiwa limechelewa dakika kumi tu, jambo ambalo dereva mwenyewe alilitangaza kwa majivuno. Fundi wa mapazia alikuwa pale tangu saa nane. Alisimama karibu kabisa na mahali pa kushukia, futikamba bado ikining'inia shingoni, kwa kuwa alitoka dukani kwake mbiombio akiogopa mdogo wake atamtangulia. Mdogo wake, mfamasia, ambaye ukoo mzima unamwita Kadogo, alitokea basi likizima injini. Alikuja taratibu huku akimenya chungwa.

Abiria walianza kushuka. Mama yao alishuka wa kumi na nne, sweta la kijivu, kifungo cha tatu hakipo. Kisha akashuka wa kumi na tano, sweta la kijivu, kifungo cha tatu hakipo. Walikuwa na begi moja, kila mmoja ameshika mpini wake. Wakaliweka chini kwa pamoja, wakanyoosha migongo.

"Mama, umekuja wawili," alisema Kadogo.

"Ndiyo," alijibu mama wa kushoto.

"Nimechoka kuulizwa nafikia kwa nani," alimalizia mama wa kulia.

Kondakta alinung'unika kidogo kuhusu tiketi, lakini alipokumbuka kwamba walikaa kiti kimoja safari nzima bila kumsumbua mtu, akaendelea kushusha magunia. Fundi alimshika mkono mama aliyekuwa karibu naye, na kwa mkono mwingine akanyakua begi.

"Begi nalichukua mimi," alisema.

"Chukua tu, Dada," alisema Kadogo. "Mimi nimeshamnunulia vya kuvaa."

Hapo ndipo Fundi alipohisi mchomo wa kwanza wa sindano rohoni, na siku yenyewe haijafika hata saa kumi.

Swali la mama anafikia kwa nani lilikuwa na umri wa miaka tisa. Kila mwaka mama alikuja mjini kwa wiki mbili, na kila mwaka alifikia kwa Kadogo. Hakuwa mtu wa kukataa bila sababu. Mwaka wa kwanza alisema ngazi za kwa Fundi zinamuua magoti, maana Fundi alikuwa anapanga ghorofa ya tatu. Fundi akahama, akatafuta nyumba ya chini. Mwaka wa pili mama akasema bafu liko mbali na chumba. Fundi akahama tena. Baadaye ikawa mbwa wa jirani, anabweka alfajiri. Mbwa yule alikufa kwa uzee, na Fundi akawa wa kwanza kwenda kutoa pole, uso umemnyong'onyea, moyo unacheza ngoma. Basi mama akahamia kwenye godoro, kwamba linabonyea. Fundi akanunua gumu kama meza ya kukatia kitambaa. Ikaja kelele ya cherehani, na cherehani ikapelekwa dukani. Ikaja mwanga wa asubuhi, na hapo Fundi alishona pazia la tabaka tatu ambalo ukilivuta mchana unapapasa kutafuta mlango. Mwaka uliopita mama alionja maji ya kunywa, akafikiri sana, akasema yana ladha.

Mwaka huu sababu zilikuwa zimekwisha. Fundi alizikagua moja moja, akaona hakuna iliyobaki. Akampigia mama simu, na mama akakubali: "Nitafikia kwako." Jioni hiyo hiyo Kadogo naye alipiga, naye akaambiwa, "Nitafikia kwako." Mama hakuwahi kusema uongo maishani mwake, na hakutaka kuanza uzeeni. Akagawanyika.

Siku tatu za mwanzo Fundi alitembea kichwa juu. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini, watoto wako bweni, kwa hiyo mama alikuwa wake peke yake. Alimtembeza mtaani kwa makusudi, akampitisha mbele ya duka la vifungo ili mwenye duka amwone.

"Huyu ndiye mama," alimwambia. "Kafikia kwangu."

"Karibu sana, mama," alisema mwenye duka la vifungo. "Na yule niliyemwona jana sokoni na mdogo wako?"

"Naye ni mama."

"Aa," alisema mwenye duka, akaendelea kupanga vifungo vyake kwa rangi. "Shangazi yangu naye alifanya hivyo, msiba ulipoangukia siku ya harusi."

Mama aliyefikia kwa Fundi aliamka kabla ya jua. Alitandika kitanda, akafagia uani, akauliza kuna kazi gani. Fundi alimwambia apumzike. Mama akasema sawa, akachukua sindano na kuanza kukunja pindo za mapazia ya mteja mmoja mwenye hoteli. Walifanya kazi wakitazamana, mmoja upande huu wa meza, mwingine upande ule. Mama alimweleza habari za nyumbani: bati la jikoni limeoza, mjomba miguu imevimba, mpaka wa shamba umesogezwa tena na watu wale wale. Aliuliza Fundi anaonaje. Fundi alisema anavyoona. Mama akatikisa kichwa, akasema na yeye aliona hivyo hivyo. Saa tatu usiku mama alipanda kitandani, akageukia ukutani, akalala.

Fundi alijipa moyo kwamba mama ana uchovu wa safari. Siku ya nne Kadogo alimtumia sauti kwenye simu. Fundi aliisikiliza akiwa amesimama jikoni, birika mkononi.

Ilikuwa sauti ya mama, mama yule mwingine, na alikuwa anacheka. Kilikuwa kicheko cha kutoka tumboni, kicheko cha mtu aliyejitupa kwenye kochi na viatu kavua. Alikuwa anasimulia siku ya mafuriko. Maji yaliingia nyumbani mpaka usawa wa dirisha, akasema, na Kadogo mchanga yumo ndani ya beseni. Basi beseni likaelea! Likaelea mpaka mlangoni, likazunguka, mtoto humo anacheka tu, anapiga maji makofi. Kadogo naye alikuwa anacheka, akisema, "Rudia, mama, rudia pale pa beseni."

Fundi aliirudia yeye mwenyewe mara nne. Siku ile ya mafuriko alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa ndani ya yale maji, yamemfika kidevuni, na beseni lilikuwa juu ya mikono yake miwili. Alilibeba hivyo kwa saa mbili na nusu. Ni mwaka ule ule alioachishwa shule, kwa kuwa mama alikuwa na kibarua na mtoto hakuwa na wa kumlea. Katika hadithi ya mama, beseni lilielea lenyewe.

Birika lilikuwa limeshapoa. Wivu ulimpanda Fundi mpaka masikio yakavuma, na hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Alimtazama mama yake uani, ameinamia pindo, hana kicheko wala hadithi, akafikia uamuzi kwamba kapunjwa. Mama kagawanywa, na nusu nzuri imekwenda kwa Kadogo.

Kesho yake alimpeleka mama kwenye famasi ya Kadogo. Pale mlangoni kuna mizani ya kupimia watu uzito. Alimwomba Kadogo naye amlete wake.

"Kuna nini, Dada?" aliuliza Kadogo.

"Nataka tu kujua afya zao."

Kadogo, ambaye hajawahi kumshuku mtu, alifurahi sana. Alimpigia simu mlinzi wa jengo analoishi, naye mlinzi akamsindikiza mama mpaka famasi, kisha akarudi kuandika kwenye daftari la wageni: mama wa mkazi, mmoja kati ya wawili, katoka saa nne. Mama wa Fundi alipanda mizani. Kilo thelathini na moja. Mama wa Kadogo akapanda. Kilo thelathini na moja. Mwaka uliopita, alipokuwa mmoja, alikuwa na sitini na mbili. Fundi alimwambia mama wa Kadogo avue viatu, kisha akamwongoza wa kwake kwa kiganja begani apande tena. Thelathini na moja. Kadogo alipima na presha, akatazama ndani ya macho yao kwa kurunzi. Hakuna aliyezidi wala kupungua.

"Mama kagawa kwa haki," alisema Kadogo kwa fahari.

"Nilijitahidi," walisema mama wote wawili.

Fundi alitabasamu, meno tu. Njiani kurudi mama hakumuuliza ana nini. Walipita kununua uzi.

Usiku ule usingizi ulimruka. Hata angekuwa na mizani ya dhahabu, alijua kuna kitu kisichopimika ambacho mwenzake anacho na yeye hana. Asubuhi alimpigia mdogo wake.

"Tubadilishane," alisema. "Wewe chukua huyu, mimi nichukue huyo."

"Si ni mama yule yule?"

"Kama ni yule yule, basi huna hasara."

"Kweli," alisema Kadogo, akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, Kadogo. Ukimkanyaga mguu yeye ndiye anayekuomba radhi, na hili lilimuudhi dada yake kuliko matusi, kwa kuwa ilikuwa vigumu mno kumchukia.

Walibadilishana Jumatano, mbele ya lango la kwa Fundi. Mama aliyetoka kwa Kadogo alishuka garini akiwa anamalizia kisa fulani cha bata aliyeingia kanisani, na machozi ya kicheko yalikuwa bado mashavuni. Alikuwa kasukwa nywele upya. Kadogo ndiye aliyemsuka, wamekaa usiku mzima wakipiga soga. Fundi alimpokea kwa mikono miwili, akamwongoza ndani.

"Huyo bata ikawaje, mama?" aliuliza wakivuka kizingiti.

Mama alisimama. Alifuta mashavu kwa upindo wa sweta. Alitazama uani, akatazama meza iliyojaa kitambaa, na uso wake ukarudi mahali pake, kama mtu aliyeingia kazini.

"Fagio liko wapi?" alisema.

Dakika ishirini baadaye simu ililia. Kadogo alitaka kumjulisha dada yake kwamba mama kafika salama. Nyuma ya sauti yake Fundi alisikia kicheko. Kilianza ndani ya lifti, alisema Kadogo, kwenye ghorofa ya pili hivi, na kwa hadithi ya bata, kutoka pale pale ilipoishia.

Basi ikawa hivyo. Mama wa kwanza au wa pili, ilikuwa mamoja. Aliyekuwa kwa Kadogo alikuwa mama, na aliyekuwa kwa Fundi alikuwa mtu wa zamu ya pili. Fundi aliona angalau kama kungekuwa na udanganyifu angegombana na mtu, lakini hakukuwa na wa kugombana naye.

Wiki ya pili Kadogo alitakiwa kwenda semina ya siku mbili. Alimleta mama wake kwa dada yake na mfuko wa dawa na maelekezo. Hivyo Fundi akawa na mama wote wawili, jambo ambalo hakuwahi kulipata katika miaka tisa, hata kwa mama mmoja. Aliweka vitanda sambamba. Alikaanga mayai. Mama walikula, wakaosha vyombo, mmoja anasugua mwingine anafuta, kisha wakauliza kuna kazi gani. Mpaka jioni walikuwa wamekunja pindo za mapazia ishirini na manne. Mteja wa hoteli alipokuja alisema hajawahi kuona mshono ulionyooka namna ile, akaagiza mengine.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya mapaa, walikaa watatu kuzunguka kitambaa kimoja kikubwa. Fundi alishindwa kuvumilia.

"Mama," alisema, "kwa nini kwangu hucheki?"

Mama walitazamana. Hawakukasirika, wala hawakuona aibu. Walikuwa wanatafuta jibu la kweli.

"Kwako sina haja ya kujikaza kuwa mama," alisema mmoja. "Nikija kwako nimekuja kwa mwenzangu."

"Wewe si mtoto, Dada," alisema mwingine. "Yule mtoto tulimlea sisi. Mimi na wewe."

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mama."

"Ndiyo," walisema wote wawili. "Ulikuwa mkubwa."

Mmoja akalowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akautia kwenye tundu la sindano kwa jaribio moja tu, bila miwani. Fundi aliutazama ule uzi. Alitaka kusema kwamba beseni halikuelea, kwamba alilishika, kwamba mikono ilikufa ganzi wiki nzima. Lakini aliona jinsi mama alivyosema mkubwa, kwa heshima, kama watu wanavyompa mtu cheo. Alishindwa amnyang'anye vipi imani hiyo.

Badala yake alifanya jambo ambalo hakuwa amelipanga. Aliteremka kwenye kiti, mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mnene kiasi, akapiga magoti sakafuni, akalaza kichwa chake mapajani mwa mama aliyekuwa karibu. Sweta lilinuka sabuni ya mche. Alifumba macho, akangoja mkono juu ya nywele zake.

Mama alinyanyua miguu yake haraka, asije akakanyaga kitu.

"Umeangusha pini?" aliuliza.

Mama wa pili aliweka chini sindano. Wote wawili wakashuka sakafuni, wakaanza kutafuta, mmoja upande wa dirisha, mwingine chini ya meza, viganja vikipapasa saruji kwa uangalifu. Fundi alibaki amepiga magoti, kichwa juu ya kiti kitupu ambacho bado kilikuwa na joto. Baada ya muda aliwasaidia kutafuta. Walipata pini mbili.

"Hizi hapa," alisema mama. "Ungekuja kuumia."

"Ahsante, mama," alisema Fundi.

Kadogo alirudi siku iliyofuata saa sita mchana. Hakuwa hata amefungua lango. Aliita tu kutoka nje, "Wazee wangu!" na mama wote wawili walitupa kitambaa, wakaangua kicheko kwa pamoja, wakamkimbilia. Mmoja alimvua viatu, mwingine alimpepea kwa gazeti, wakimuuliza kama alikula, kama alilala vizuri huko, mbona amekonda, nani kamuudhi. Fundi alisimama kwenye mlango wa jikoni na kijiko mkononi. Roho ilimuuma waziwazi, na alijua uso wake unaonyesha, na aliuacha uonyeshe. Hakuna aliyegeuka.

"Dada, kuna chakula?" aliita Kadogo.

"Kipo," alisema Fundi, akapakua.

Jumamosi waliwasindikiza kituoni. Begi lilikuwa limejaa kuliko lilivyokuja, kwani Fundi alitia ndani mapazia mapya ya nyumba ya mama, madirisha yote manne, aliyoyashona alfajiri moja kabla mama wake hajaamka, mara moja tu alipofaulu kumtangulia. Mama walishika mipini, kila mmoja wake. Waliwaaga kwa utaratibu: aliyekuwa na Kadogo alimkumbatia mpaka miguu ya Kadogo ikainuka, akamnong'oneza kitu sikioni. Aliyekuwa na Fundi alimpa mkono, akautikisa mara mbili kwa nguvu, kama wafanyavyo watu waliomaliza kazi ngumu pamoja.

"Mwakani nitakuja hivi hivi," alisema. "Nimeona inafaa. Hakuna aliyenung'unika."

"Karibu, mama," alisema Fundi.

Mama wa kwanza alipanda ngazi ya basi. Wa pili akapanda nyuma yake, akakanyaga palipokanyagwa, na kwenye ngazi ya tatu hapakuwa na nyuma wala mbele, alikuwa mmoja, mwenye begi lenye mipini miwili. Kondakta alimwelekeza kiti cha dirishani. Chini, Fundi alikaza macho kwenye kioo. Alijiambia kwamba sasa mama ni mzima, nusu zote mbili zimo, na huenda akatazama chini kwa uso ambao yeye hajawahi kuupata.

Mama alisukuma dirisha. Alimtazama Kadogo, akacheka, akampungia. Kisha akamtazama Fundi, na uso ukatulia.

"Dada," alisema, "mwangalie mdogo wako."

"Sawa, mama," alisema Fundi.

Basi liliondoka. Gari la Kadogo lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara, na magari saa ile yalikuwa mengi, yanapita kwa fujo. Kadogo, mwanamke wa miaka thelathini na minne, alisimama ukingoni huku akisoma kitu kwenye simu, na bila kuinua macho akanyoosha mkono wake wa kushoto pembeni. Fundi aliutazama mkono ule kwa muda. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama tena kulia. Akaushika, wakavuka.